Una usonji na unatafuta hela? Panga kazi na pesa zako hivi

Kabla hujaanza kuandika bajeti, tafuta daftari dogo, na kwa wiki mbili kila jioni andika vitu viwili tu: leo nimeingiza shilingi ngapi, na leo kazi imenichosha kiasi gani kuanzia moja mpaka kumi. Maelezo marefu hayahitajiki, namba zinatosha. Sisi watu wazima wenye usonji (wengine wanasema tawahudi, kwa Kiingereza autism) tuna gharama ambayo haionekani kwenye karatasi ya mshahara, na ukipanga hela bila kuihesabu kila mwezi utakuwa unajiuliza zimeishia wapi.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa natunza stoo ya spea za magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mshahara laki tatu na themanini, na kazi naipenda mpaka leo, ukinitajia gari na mwaka wake nakwambia fenibelti yake ni namba gani na iko shelfu ipi. Bosi akaona kijana ananifaa, akanipandisha kaunta kwa laki tano na nusu. Nyumbani furaha, mama akapiga simu mpaka kwa mjomba Kahama. Sasa ile kaunta: redio iko juu, simu mbili zinaita kwa pamoja, fundi mmoja anagonga kioo kwa sarafu ili nimwangalie, mwingine ananiambia "punguza bosi wangu, mimi si mteja wako wa siku zote?" na mimi simjui kabisa, nabaki nimesimama najaribu kukumbuka nimemuona lini wakati nyuma yake kuna watu watano wanasubiri. Ikifika saa kumi na moja jioni hata salamu siwezi kuitikia. Daladala ya Tandika niliyoipanda miaka yote ikawa haipandiki, nikaanza kukodi bajaji, elfu sita kila jioni.

Hesabu nilikuja kuipiga nimechelewa. Laki tano na nusu ukitoa asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi, mkononi inabaki 477,000. Mshahara wa zamani mkononi ulikuwa kama 336,000. Kwa hiyo nyongeza yenyewe ni kama 141,000, na bajaji peke yake kwa siku 26 ni 156,000. Yaani nilipandishwa cheo nikawa maskini zaidi, na mwezi wa nne nikashindwa kuamka, nikaacha kazi, nikakaa ndani wiki sita.

Kwa hiyo ukipewa ofa ya kazi mpya au cheo, usiulize mshahara peke yake. Uliza nitakaa wapi, nitaongea na watu wangapi kwa siku, simu napokea mimi au mwingine, nani ananipa maagizo, je nikijaribu mwezi mmoja nikaona siwezi naweza kurudi nilipokuwa? Andika maswali kwenye karatasi uingie nayo, hakuna ubaya, na bosi anayekasirika kwa sababu umeuliza maswali matano ya kazi huyo tayari ameshakujibu. Alafu piga hesabu ya mkononi: mshahara baada ya makato, toa nauli mpya, toa chakula cha kununua siku ambazo hutaweza kupika, toa siku utakazoshindwa kwenda kazini ukalala. Kinachobaki ndo mshahara wako.

Kuna jambo la mafanikio lazima niliseme hapa maana linatuumiza. Mwaka 2021 bilionea Elon Musk alisema mbele ya televisheni ya Marekani kwamba ana Asperger, ambayo siku hizi inahesabiwa ndani ya usonji, na tangu hapo ukimwambia mtu una usonji anakwambia "basi wewe ni jiniasi, utakuwa tajiri". Wanasema kwa nia nzuri, naelewa. Lakini angalia Uingereza, nchi yenye sheria na huduma tusizokuwa nazo sisi, ripoti ya serikali ya Februari 2024 iliyoongozwa na Sir Robert Buckland ilisema ni karibu watu 3 tu kati ya 10 wenye usonji wa umri wa kufanya kazi ndo wana kazi. Watatu kati ya kumi! Kwa hiyo kama una kazi na umedumu nayo miaka miwili, umefanya jambo kubwa, usikubali mtu akulinganishe na bilionea.

Kaa chini uandike mafanikio yako mwenyewe kwa sentensi tatu. Zangu ziko ukutani: nina chumba changu chenye mlango unaofungika, kodi imelipwa miezi sita mbele, kesho asubuhi najua nakwenda kufanya kazi gani. Hakuna gari, hakuna ghorofa. Ndugu watauliza kiwanja lini, utaoa lini, na wana haki ya kuuliza kwa sababu kwao hiyo ndo picha ya mtu aliyefika, ila wewe ukifukuza picha ya mwingine kwa nguvu ulizonazo utaanguka njiani. Wengi wetu ninaoongea nao hela tunaitaka kwa ajili ya utulivu, kutolazimika kuamua kila siku, kutoombaomba. Lakini naomba nieleweke, sisemi turidhike na umaskini. Sisi tunahitaji hela kuliko wengine, kwa sababu kupumzika kwetu kunagharimu.

Kwenye kutafuta kazi, intavyuu ni sehemu mbaya sana ya kutupima, mtu anakuuliza "tuambie kuhusu wewe" na hujui uanzie utoto au elimu au jana. Omba maswali kabla, wapo wanaokubali. Bora zaidi omba uonyeshe kazi. Kazi niliyonayo sasa niliipata hivyo, nilimwambia mzee mwenye duka "nipe stoo yako siku mbili bila malipo, ukiona imekaa sawa tuongee", siku ya pili jioni akakuta boksi zote zina lebo na zile bearing mbovu zimetengwa pembeni zimeandikwa. Sikuulizwa kuhusu mimi.

Ujue pia sheria iko upande wako. Sheria ya Tanzania ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kampuni kubwa zinalijua hilo, hasa maafisa utumishi, na ukiwa na karatasi ya hospitali inayoonyesha una usonji unaweza kuitumia wakati wa kuomba. Kwenye duka la mtu mmoja lenye vijana wanne sheria hiyo haikusaidii, na hapo mimi nashauri usianze na neno usonji maana wengi wanalijua kwa watoto tu, anza na unachohitaji. Meseji yangu ilikuwa hivi: "Shikamoo mzee. Naomba oda za siku unitumie kwa meseji asubuhi badala ya kunambia kwa mdomo, nikiandikiwa sikosei. Pia naomba saa saba nile nikiwa stoo peke yangu." Alijibu "marahaba, sawa". Baada ya mwaka ndo nikamweleza jina la hali yenyewe, na kwa wakati huo alishaniona nafanya kazi.

Kama una kitu unakipenda mpaka unasahau kula, iwe spea, ramani, kushona, simu, kuku, angalia kama kuna mtu anakilipia. Mara nyingi yupo. Tatizo linakuja kwenye kuuza, kupatana bei na kudai madeni, na hapo tafuta mwenzako. Mimi wikendi natafutia watu spea ngumu kupatikana, binamu yangu anaongea na wateja na kupokea hela, tunagawana sitini kwa arobaini na tuliandika kwenye karatasi tukasaini wote wawili ingawa ni ndugu. Hasa kwa sababu ni ndugu.

Tuje kwenye hela yenyewe ikishaingia. Kanuni ninayoiamini kuliko zote: amua mara moja, usiamue tena. Siku ya mshahara nina orodha ileile kwa mpangilio uleule na naimaliza kabla sijatoka ofisini. Dar mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, chumba cha laki moja ni laki sita, hiyo huwezi kuitoa mfukoni siku moja, kwa hiyo kila mwezi laki moja inaenda kwenye akaunti ya benki ambayo kadi yake anatunza mama. Alafu umeme, naweka LUKU ya mwezi mzima siku hiyohiyo, maana umeme kukatika saa tatu usiku kwangu ni msiba. Alafu nauli, chakula, akiba. Chakula kwa kweli ni sehemu ambayo tumebarikiwa, kama unakula kitu kilekile kila siku bila kuchoka basi matumizi yako yanajulikana mpaka mia ya mwisho, mimi nina mama ntilie mmoja, wali maharage, namlipa kwa wiki.

Na weka fungu la kile unachokipenda, usijinyime kabisa. Nilijaribu kujinyima nikaja kulipuka mwezi wa tatu nikanunua vitu vya laki mbili kwa siku moja. Sasa ni elfu ishirini kila mwezi, ikiisha imeisha. Hedifoni au viziba masikio usiviweke kwenye fungu hilo, hivyo ni vifaa vya kazi kama buti za fundi.

Sehemu inayotumaliza Watanzania wenye usonji kimyakimya ni michango na kukopana. Shida ni lugha, watu hawaombi hela moja kwa moja. Mtu akikupigia akakusalimia vizuri, akauliza kazi, alafu akasema "huku hali si nzuri mdogo wangu" akanyamaza, huyo anaomba hela. "Nilikuwa napita tu kukusalimia" ikifuatiwa na habari ya mtoto kurudishwa ada, anaomba hela. Na "nitakurudishia mwisho wa mwezi" mara nyingi maana yake ni naomba unisaidie bila kunidhalilisha, kwa hiyo ukimpa, mpe kiasi ambacho kisiporudi hutalala njaa, na usiende kumdai tarehe 30 asubuhi ukidhani aliahidi. Mimi nilifanya hivyo kwa shangazi, ikachukua mwaka kuongea tena.

Kwa michango ya harusi nina jedwali kwenye simu: ndugu wa damu elfu hamsini, jirani na mfanyakazi mwenzangu elfu kumi, mtu nisiyemkumbuka sura sichangii. Ukishaingizwa kwenye grupu la wasap usisubiri wakutaje, wahi wewe: "Dada hongereni sana, mimi nina elfu kumi, nitatuma tarehe 28." Hapo umemaliza, unaweza kuzima sauti ya grupu. Heshima imebaki na hujakaa wiki nzima moyo unadunda.

Matapeli nao wanatupenda kwa sababu tunachukulia maneno yalivyo. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imeshawapata wengi wetu, maana kama kweli kuna mtu anakudai, akilini unaona ni yeye. Weka sheria ya saa 24: hela yoyote isiyo kwenye orodha yangu haitoki leo, namuonyesha kwanza mtu mmoja ninayemwamini. Mtu akikuambia "fanya haraka nafasi inaisha", hiyo haraka yenyewe ndo jibu. Mikopo ya kausha damu (ile ya riba kubwa) ya mtaani na ile ya kwenye simu kaa nayo mbali, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na nyingi za aina hiyo zinatumia namba zilizo kwenye simu yako kukuaibisha kwa ndugu na bosi. Kwa mtu ambaye simu ya ghafla inamtetemesha mwili mzima, hilo deni ni ugonjwa.

Ukihitaji mtaji, anzia halmashauri. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina fungu la asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako na karatasi za hospitali, na nenda na mtu, kwa sababu foleni ni ndefu na utaambiwa "njoo kesho" mara kadhaa. Ukiambiwa hivyo uliza kesho saa ngapi na nimuone nani kwa jina, andika mbele yake.

La mwisho ni hela ya kuanguka. Wengine wanaita akiba ya dharura ila mimi naiita jina lake, kwa sababu sisi kuna kipindi tunaanguka, mwili na akili vinagoma, na kipindi hicho hakipigi hodi. Lenga matumizi ya miezi mitatu. Mimi nilianza na elfu sitini kwa mwezi, ikanichukua zaidi ya miaka miwili. Akiba ya kwenye simu ni rahisi mno kuitoa kwa hiyo nimeiweka UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja), ukitaka kuitoa unasubiri siku kadhaa, na kile kipindi cha kusubiri kimeniokoa mara mbili. Andika nyuma ya daftari lako dalili zako za kuanguka (kwangu ni uchovu namba tisa siku nne mfululizo, na kuacha kupokea simu za mama), na ukiziona omba likizo bila malipo wiki moja, jilipe kutoka kwenye hiyo akiba. Ukirudi kazini anza kuijaza tena mshahara unaofuata, hata kama ni elfu kumi.