Jinsi ya Kutumia Dawa za Kupunguza Asidi ya Tumbo: Ya Kutafuna na ya Kumeza Nzima

Katika maduka mengi ya dawa nchini Uganda, mtu anayelalamika kiungulia hukabidhiwa kifuko kidogo kilichoandikwa kwa kalamu "1x2", akalipa na kwenda zake. Maandishi hayo yana maana ya kidonge kimoja mara mbili kwa siku, lakini hayamwambii kama dawa hiyo hutafunwa au humezwa nzima, wala kama hutangulia chakula au hukifuata. Kwa hiyo, kabla hujaondoka dukani, omba uoneshwe pakiti ilikotolewa dawa, usome jina la kiambato chake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa halitakusaidia sana. La muhimu ni lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake.

Ukisoma pale magnesiamu trisiliketi, alumini haidroksaidi, magnesiamu haidroksaidi au kalsiamu kaboneti, unayo dawa inayozimua asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Dawa ya namna hii hutuliza ndani ya dakika chache, na ndiyo maana vidonge vyake hutafunwa mpaka vikawa unga mdomoni kabla ya kumezwa, na ile ya maji hutikiswa chupani kabla ya kupimwa. Wakati wake mzuri ni kiasi cha saa moja baada ya kula, na tena kabla ya kulala, kwa sababu ikikuta tumbo tupu hupita upesi na nafuu yake huwa fupi. Magnesiamu hulegeza choo ilhali alumini hukifunga, hivyo watengenezaji huzichanganya ili moja imtulize mwenzake, na mara nyingi huongeza simethikoni, ambayo huvunja mapovu ya gesi. Mwenye ugonjwa wa figo asizitumie bila ruhusa ya daktari, kwa kuwa madini haya hujikusanya mwilini mwake, na mwenye shinikizo la damu ajihadhari na zile zenye sodiamu baikaboneti, ambazo zina chumvi nyingi.

Omeprazoli ni jambo jingine kabisa. Hii haizimui asidi, bali hufunga pampu ndogo sana za ukuta wa tumbo zinazoisukuma nje. Ukifungua kapsuli ya miligramu 20 juu ya kisahani utaona punje nyeupe za mviringo, ndogo kama mbegu za mchicha, na kila punje imevikwa utando. Utando huo upo kwa sababu omeprazoli yenyewe huharibiwa na asidi, nayo lazima ivuke tumbo salama ifike kwenye utumbo mdogo, iingie katika damu, kisha irudi kwenye ukuta wa tumbo kupitia mishipa. Shangazi yangu alizitafuna kwa wiki nzima, kama alivyozoea kutafuna vidonge vya magnesiamu, kisha akasema dawa ya siku hizi imechujwa. Haikuwa imechujwa, meno yake ndiyo yaliyoivua nguo.

Meza kapsuli nzima kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo wa kwanza wa siku, kwani pampu hizo huamshwa na chakula, na dawa huzifunga zile tu zilizo macho. Mwendesha boda boda anayetoka alfajiri bila kula, akapata rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) na chai saa nne, ameze saa tatu au saa tatu na nusu, si alfajiri. Usitarajie nafuu siku hiyo hiyo, maana huchukua siku moja hadi nne kufikia nguvu yake kamili, na kwa siku hizo dawa ya kutafuna inaweza kukusitiri.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa anayetumia dawa nyingine. Kidonge cha ARV chenye dolutegraviri, ambacho watu wengi hapa nchini hukimeza kila siku, hushikwa na magnesiamu na alumini kikashindwa kuingia mwilini. Kimeze saa mbili kabla ya dawa ya kutafuna au saa sita baada yake. Omeprazoli haikidhuru, lakini huipunguza sana atazanaviri, ARV nyingine, kwa hiyo anayetumia atazanaviri amweleze mhudumu wake kabla ya kununua chochote. Doksisaiklini na siprofloksasini, ambazo ni viuavijasumu, nazo zitangulizwe angalau saa mbili kabla ya dawa ya kutafuna.

Usitumie dawa hizi kufunika chanzo cha maumivu. Anayemeza diklofenaki au ibuprofeni kila jioni kwa ajili ya mgongo anajichimbia vidonda vya tumbo mwenyewe. Chanzo kingine ni bakteria wa Helicobacter pylori, waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Australia waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao huuawa kwa omeprazoli pamoja na viuavijasumu viwili, kwa kawaida siku 14 bila kukatiza. Ukitumwa kupima choo ili kuwatafuta, sema kama umekuwa ukitumia omeprazoli, kwa sababu inapaswa kuachwa wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kuonesha hawapo nao wapo.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu au chakula kukwama kooni si mambo ya duka la dawa, nenda hospitali. Vivyo hivyo maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya, ambayo huenda yakawa ya moyo.

Kiungulia kikikuhitaji omeprazoli kupita wiki nne hadi nane, mwone daktari, maana matumizi ya muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Na ukiisha kuitumia kwa miezi, usishangae asidi ikirudi kwa kishindo siku chache baada ya kuiacha. Mwombe daktari akupangie namna ya kuipunguza taratibu, na siku hizo uwe na vidonge vya kutafuna karibu.