Mwachie batisi njia ya kuingia shambani

Batisi ni ndege wa msituni mwenye urefu wa sentimita 10 hadi 12 tu, mwenye kifua cheupe chenye mkanda na mstari mweusi machoni. Hutulia kwenye kitawi akikagua majani kwa zamu. Akiona kiwavi chini ya jani, huruka, humdaka, kisha humpigapiga kwenye tawi ndipo ammeze. Shamba la kahawa linalopakana na msitu lingependa kuwa naye, lakini tatizo ni kwamba ndege wengi wa chini ya msitu hawapendi kuvuka mahali peupe. Ukifyeka mpaka wote hadi udongo uonekane, umemfungia nje.

Kwa hiyo acha ukanda wa vichaka wenye upana wa mita 5 hivi kutoka msituni hadi katikati ya shamba, usiokatika. Juu yake pawe na miti ya kivuli ya asili, kama mringaringa na mkuyu. Kivuli cha asilimia 30 hadi 40 kinatosha. Kikizidi sana, kahawa huzaa kidogo na unyevu huleta magonjwa.

Usipogoe bila kukagua matawi. Tago la batisi, yaani kiota chake, ni kikombe kidogo kilichofungwa kwa utando wa buibui na kupambwa kwa kuvu za magome, hivyo hufanana kabisa na kifundo cha tawi. Ukilikuta lina mayai, liache tawi hilo wiki 5, makinda yaruke kwanza.

Dawa ndiyo huharibu haraka kuliko yote. Ukipuliza shamba zima, unaua chakula cha ndege, na anayekula mdudu aliyelewa dawa naye hudhurika. Hesabu kwanza: kagua miti 20 iliyotawanyika, na upulize tu pale kunguni wa kahawa wanapozidi wastani wa 2 kwa mti, tena kwenye miti iliyoathirika.

Msitegemee ndege kwa ruhuka, yule mbawakawa mdogo anayetoboa buni. Jike lake, lenye milimita 2 hivi, likishatoboa buni limejificha ndani na hakuna mdomo utakaolifikia. Ndege humpata akiwa nje anaruka tu. Hapo kazi ni yenu: vuna zilizoiva mapema, okota zilizoanguka kila wiki, kisha zichemshe au zifukie kwa kina.