Namna ya kutunza hesabu ya saa za vitendo katika uzamivu wa saikolojia tiba

Mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia tiba nchini Marekani anapoomba nafasi ya intanshipu, yaani mafunzo ya kazini ya mwisho kabla ya kuhitimu, kupitia mfumo wa APPIC (chama cha vituo vinavyotoa mafunzo hayo), hutakiwa kuonyesha saa zake zote za vitendo, zikiwa zimechambuliwa. Anza kuziandika wiki ya kwanza. Kuzifukua baadaye kutoka kwenye kalenda ni mateso, na hapo ndipo watu huanza kukisia.

Tengeneza jedwali lenye safu za tarehe, kituo, msimamizi, umri wa mteja, aina ya huduma na muda. Muda ugawe mafungu manne: tiba, upimaji, kusimamiwa, na kazi za kusaidia, kama kuandika kumbukumbu za kikao au kusahihisha vipimo. Jina la mteja lisionekane popote, tumia namba.

Penye makosa mengi ni kuhesabu. Kikao cha dakika 45 hadi 50 huhesabiwa saa 1. Kikundi cha watu 10 kilichokaa saa 2 ni saa 2, si 20. Saa moja haiingii mafungu mawili, hata ikivutia. Na ripoti ya upimaji haihesabiwi kuwa ripoti unganishi kama haina historia ya mteja, mahojiano na angalau vipimo viwili.

Kila muhula ukiisha, msimamizi atie saini jedwali. Akishahama kituo, kumpata ni shughuli. Weka nakala hata baada ya intanshipu, kwa kuwa bodi za leseni za majimbo huweza kuzitaka, tena kwa kanuni zao wenyewe.