Udi usinuke sukari iliyoungua

Udi uliopikwa kwa sukari haupendi moto mkali. Ukiutupa juu ya kaa jekundu, moshi unafuka mzito mara moja na nyumba inanuka kama sufuria ya halua iliyoshika chini. Ngoja kaa livae jivu jeupe, lifunike na jivu jingine kidogo, ndipo uweke kipande kidogo tu, cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kikianza kuwa cheusi, kitoe.

Nguo zifukize zikiwa na unyevu kidogo, zinashika harufu zaidi. Ukizitandaza juu ya tenga lililofunika chetezo (chombo cha kufukizia chenye kaa), hakikisha pindo halining'inii kwenye chetezo, na usiondoke hapo. Dirisha moja liache wazi. Kama ndani kuna mwenye pumu, usifukize; asumini kwenye kisahani zinatosha.