Somo: Kuhesabu pumzi za mgonjwa aliyetengwa, kwa macho na kwa kamera

Wengi mmeniuliza kuhusu kamera zinazopima mapigo ya moyo bila kumgusa mgonjwa. Zipo. Wodi za magonjwa ya akili Uingereza, hospitali ya Broadmoor ikiwamo, zimezitumia. Mimi sijaiona hata moja Mtwara wala Lindi, ila kazi yake ni ileile ya macho yetu, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1. Mgonjwa wa akili aliyetengwa chumba cha peke yake kapigwa sindano ya kutuliza, kalala. Simama kwenye kidirisha cha mlango mpaka uone kifua au tumbo. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne: pumzi za aliyezidiwa na dawa huja kwa vipindi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20.

Hatua ya 2. Zikishuka chini ya 12, au akikoroma kama aliyekabwa, ingieni wawili. Mwite jina, mlaze ubavu, weka oksimita ya kidole (kipimo cha oksijeni ya damu), pima presha, daktari aitwe. Mkoromo huo wengine huuita usingizi mnono, kumbe njia ya hewa inaziba.

Hatua ya 3. Andika namba na saa. "Amelala vizuri" si kipimo.

Sasa kamera. Moyo ukipiga, damu huongezeka kidogo kwenye ngozi, na himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, hufyonza mwanga, hasa wa kijani. Rangi ya uso hubadilika kiasi ambacho jicho halikioni, kamera inakiona. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa kamera ya kawaida na mwanga wa kawaida vinatosha kusoma mapigo. Pumzi husomwa kwa kifua kupanda na kushuka. Usiku hutumika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Mgonjwa akizunguka chumbani, namba hupotea. Presha bado ni ya mkono wako.

MASWALI

Sista wa Newala: Huku Juni ni baridi, mgonjwa hujifunika gubigubi. Kamera itaona?
Jibu: Blanketi likipanda na kushuka, pumzi huenda zikasomeka. Mapigo yanataka ngozi wazi. Na wewe pia, dada, ukiona blanketi tu hujaona mgonjwa.

Kaka wa Nachingwea: Na ngozi zetu nyeusi?
Jibu: Melanini, ile inayoipa ngozi weusi, hufyonza mwanga, ishara hudhoofika. Mkiletewa mashine, ulizeni ilijaribiwa kwa watu wa rangi gani. Hata oksimita ya kidole huweza kutupa namba ya juu kuliko hali halisi, hivyo oksijeni ya asilimia 94 isikulaze usingizi.

Mama wa Lindi: Mwanangu alilazwa kwa lazima. Kamera chumbani, nani karuhusu?
Jibu: Shikamoo mama. Uingereza nako wagonjwa wamelilalamikia sana hilo. Anayeamini anachunguzwa, kamera humthibitishia. Kwetu kuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa maoni yangu aelezwe nani anatazama na picha hukaa muda gani. Leo haelewi, aelezwe tena kesho. Nawe una haki ya kumuuliza msimamizi wa wodi.

Kaka wa Masasi: Umeme ukikatika?
Jibu: Saa yenye mshale wa sekunde na tochi. Mulika kifua, usimmulike machoni.