Kuandaa Vitafunwa Mchanganyiko vya Utamu na Chumvi kwa Usiku wa Karata na Bao

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Nyakato, Mwanza, ambaye alikuwa akiandaa vitafunwa vya wageni wa karata na shira yake ikakataa kabisa kukauka. Tulikaa jikoni saa nyingi kabla ya kujua chanzo, na kwa kuwa chanzo chenyewe ni kitu ambacho wapishi wengi hukitia kwenye shira kwa nia njema, nimeona ni vyema kueleza kazi nzima. Hatua zilizo rahisi nitazipita haraka ili nibaki na nafasi ya kutosha kwa ile ya sukari.

Chakula cha mezani penye mchezo kina masharti yake. Mchezaji hula kwa mkono uleule anaoshikia karata au kusambazia kete, hivyo kitu chochote kinachonata au kutoa mafuta mengi kitaharibu karata kabla ya mchezo wa tatu. Sharti la pili linatokana na mahali tulipo. Hewa ya ukanda wa ziwa hubeba unyevu, hasa wakati wa masika na jioni baada ya mvua, na unyevu huo huingia katika bisi, katika chumvi na zaidi ya yote katika sukari. Kwa hiyo mapishi yanayofaa Dodoma wakati wa kiangazi yanaweza kukuangusha Mwanza mwezi wa nne. Kanuni ninayoifuata ni moja: kila kitu kipikwe na kukaushwa peke yake, kisha vyote vichanganywe wageni wakiwa wamekwisha kuketi.

Mahitaji kwa watu 8 hadi 10

Karanga mbichi zenye maganda yake mekundu, gramu 500, sukari, gramu 250, maji, mililita 120, dengu kavu, gramu 250, mahindi ya bisi, gramu 100, viazi vitamu viwili vya wastani, mafuta ya kula ya kukaangia, chumvi, na pilipili ya unga kwa wanaoipenda.

Dengu ni zao la kwetu Kanda ya Ziwa, linalolimwa kwenye udongo mweusi wa mbuga katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza, na sioni sababu ya kununua pakiti za tambi za dengu zilizokaa dukani miezi mingi wakati punje zenyewe zinapatikana sokoni zikiwa nzuri. Kuhusu karanga, usinunue bila kuchambua. Ondoa kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haiondolewi yote na upishi wa kawaida wa nyumbani. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo dakika chache za kuchambua si kazi ya ziada.

Hatua ya kwanza: dengu

Loweka dengu usiku kucha, zichuje, kisha uzitandaze juu ya kitambaa safi kwa muda usiopungua saa mbili hadi maganda yawe makavu kabisa ukizigusa. Dengu yenye maji juu yake hulipuka ndani ya mafuta na kuchoma mikono. Zikaange kidogo kidogo katika karai kwa moto wa wastani. Zikianza kuelea na povu la mafuta likipungua, zitoe kwa kijiko cha matundu na uzinyunyizie chumvi papo hapo, kwa sababu chumvi hushika wakati mafuta bado ni ya moto juu ya punje. Pilipili nayo hutiwa wakati huo.

Hatua ya pili: viazi vitamu

Menya, kata vipande vyembamba sana, visizidi milimita mbili, vioshe ili wanga wa juu utoke, kisha vikaushe kwa kitambaa. Viazi vitamu vina sukari yake ya asili na huungua upesi, kwa hiyo moto uwe mdogo kuliko ule wa dengu. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu hata kama bado vinaonekana laini kidogo, maana hukakamaa vikipoa. Vitie chumvi kidogo tu, kwani utamu wake ndio unaotakiwa usikike.

Wapo wanaopenda kutumia michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, badala ya viazi vibichi. Michembe ni chakula ninachokiheshimu sana, lakini imekaushwa ili ichemshwe, na ukiikaanga bila kuichemsha hubaki migumu kiasi cha kuumiza meno. Iache kwa ajili ya chai ya asubuhi.

Hatua ya tatu: karanga za sukari

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nitakapokawia.

Kuna namna mbili za kuzivisha karanga sukari. Ya kwanza ni kuiyeyusha sukari hadi iwe kahawia na kung'aa, kisha kuimimina juu ya karanga. Ya pili ni ile ya karanga za sukari tulizozoea kununua njiani, ambapo shira hurudi kuwa chembechembe kavu zinazoshika juu ya ganda. Namna ya kwanza inapendeza macho, lakini mimi siitumii kwa usiku wa karata, na sababu yake ni ya kweli kabisa: sukari iliyoyeyushwa ikaganda na kung'aa haina mpangilio wa chembe, na katika hali hiyo huvuta unyevu wa hewani haraka sana, wakati sukari iliyorudi kuwa chembe huvuta unyevu kidogo tu. Ukiziweka namna hizo mbili kwenye masinia mawili barazani jioni ya masika, ile inayong'aa itaanza kunata vidoleni wakati ile ya chembe bado ni kavu.

Kwa hiyo lengo la hatua hii ni kuifanya shira iwe chembechembe, na hapa ndipo jirani yangu alipokwama, kwa kuwa alikuwa ametia maji ya ndimu. Ndimu hutiwa kwenye shira ili isigande, na kwa kaimati kufanya hivyo ni sahihi. Asidi yake huivunja sehemu ya sukari kuwa sukari mbili nyepesi, glukosi na fruktosi, ambazo huzuia chembe kujipanga. Asali hufanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa yenyewe imejaa sukari hizo mbili tangu mzingani, na siagi nayo huchelewesha chembe. Kwa karanga hizi usitie ndimu, usitie asali, usitie siagi. Mtu anayependa ladha ya asali ya Tabora, na nzuri kweli ni nzuri, aile kwa mkate. Anayejua kupika visheti atanielewa haraka, kwa sababu shira ya visheti nayo hutakiwa kuwa nyeupe na kavu baada ya kugeuzwageuzwa.

Tumia sufuria nzito, pana, isiyo na mafuta, na mwiko wa mbao wenye mpini mrefu. Tumia jiko la gesi kama unalo. Mkaa ninaupenda kwa mapishi mengi, lakini katika kazi hii utahitaji kupunguza moto ndani ya sekunde chache, na mkaa haupungui kwa amri. Kama mkaa ndio uliopo, andaa mahali pa kutua sufuria kando ya jiko, na uwe unaiondoa na kuirudisha.

Kwanza kaanga karanga zikiwa kavu, kwa moto mdogo, hadi zikaribie kuiva. Ndani ziwe zimeanza kugeuka rangi lakini bado zina ubichi kidogo. Zitoe. Katika sufuria hiyohiyo iliyofutwa vizuri, weka sukari na maji, koroga hadi sukari iyeyuke yote, kisha acha shira ichemke bila kukorogwa. Kiasi cha maji si jambo la kukuogopesha, kwani maji yakizidi utangoja zaidi tu. Mapovu huwa madogo na mepesi mwanzoni; baadaye huwa makubwa, mazito na ya polepole, na shira ikidondoshwa kwenye bakuli la maji baridi hufanya donge laini linaloweza kuviringishwa kwa vidole.

Wenye kipimajoto wazingatie mwinuko. Vitabu vingi vya mapishi huandika nyuzi 112 hadi 116 kwa hali hiyo ya donge laini, lakini vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa huo, maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, na shira nayo hufika hali ileile mapema kwa takribani nyuzi nne. Kwa hiyo lenga nyuzi 108 hadi 112. Anayesubiri 116 kwa sababu kitabu kimesema hivyo atakuwa na shira iliyokauka kupita kiasi, itakayoganda kwenye mwiko kabla ya kuzifikia karanga zote. Mimi hutegemea zaidi bakuli la maji, kwa sababu donge halibadiliki kwa mwinuko.

Donge likipatikana, punguza moto, mimina karanga zote kwa pamoja na anza kukoroga bila kupumzika, ukifika chini na pembeni. Kwa muda hakuna kitakachoonekana kubadilika, na hapo ndipo watu hukata tamaa au kuongeza moto. Usiongeze. Shira itaanza kufifia, itapoteza mng'ao, kisha kwa ghafla itageuka nyeupe kama mchanga mkavu na karanga zitaachana moja moja. Endelea kukoroga kwa moto mdogo dakika nne au tano zaidi ili unyevu uliobaki utoke na karanga ziive hadi ndani. Kuonja ndiko kupima kwa uhakika, lakini poza punje kwanza, kwa kuwa shira ya moto hushikamana na ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Watoto wawe mbali na jiko wakati huu wote.

Mambo matatu huweza kutokea, na yote yana tiba. Shira ikikataa kufifia ingawa hukutia ndimu wala asali, iondoe motoni, nyunyizia kijiko kimoja cha chakula cha sukari kavu na ukoroge kwa nguvu. Chembe hizo huwa mbegu ambazo nyingine hujipanga juu yake. Ikigeuka chembe mapema mno, sukari ikabaki chini ya sufuria na karanga zikabaki tupu, ongeza vijiko vitatu vya maji, iyeyushe, na ianze tena. Na ikianza kuyeyuka upya na kuwa kahawia, moto wako ulikuwa mkubwa: imwage mara moja kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, itenganishe kwa uma mbili, na uile siku hiyohiyo ukiwa umeitenga na mchanganyiko.

Chumvi ya karanga hutiwa mara tu baada ya sukari kugeuka nyeupe, wakati bado kuna unyevu kidogo wa kuishika. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa nusu kilo, na ni lazima iwe laini. Chumvi ya mawe itwange kwenye kinu kwanza, maana chembe kubwa huteleza zote hadi chini ya bakuli, na mtu wa mwisho ndiye atakayezila. Usipike zaidi ya nusu kilo kwa mara moja. Ukitaka kilo, pika mara mbili.

Hatua ya nne: bisi

Kaanga bisi mwisho kabisa, jioni yenyewe. Ondoa mfuniko mara tu milipuko inapopungua ili mvuke utoke, kisha nyunyizia chumvi laini. Shira haitiwi kwenye bisi, kwa sababu matundu yake hunywa maji na bisi husinyaa.

Hatua ya tano: kuchanganya na kuandaa

Kila kitu kikiwa kimepoa, changanya kwa mikono mikavu katika beseni pana: karanga na dengu kwanza, bisi zifuate, viazi viwekwe mwisho ili visivunjike. Wapatie wageni bakuli ndogo, kila mmoja na yake, na kitambaa cha kufutia vidole.

Dagaa wa kukaanga kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba ni kitafunwa bora cha chumvi na nisingependa wakosekane, ila waandaliwe kwenye bakuli lao. Ukiwachanganya, ndani ya saa moja harufu yao itakuwa imeingia kwenye bisi na kwenye sukari. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe mchanganyiko huu, kwa sababu karanga nzima, dengu ngumu na bisi huweza kuwakaba.

Kuhifadhi

Karanga na dengu zaweza kupikwa siku tatu au nne kabla, zikahifadhiwa katika chupa za kioo au ndoo zenye mfuniko unaobana, kila kimoja na chombo chake. Zisifungwe zikiwa za moto, kwa sababu mvuke utageuka maji juu ya mfuniko na kudondoka ndani. Mfuko wa plastiki uliofungwa fundo hauzuii unyevu wa kutosha. Kama mchanganyiko umebaki na kulainika, tenganisha bisi na viazi uvile kwanza, kisha karanga na dengu uzirudishe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo sana, ukizigeuza kwa dakika tano au sita, na uziache zipoe wazi kabla ya kuzifunga tena.