Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusasisha Fimwea ya Swichi za Mtandao

Swichi inayosimamiwa, yaani ile ambayo fundi anaweza kuingia ndani yake akapanga VLAN (mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya mtandao mmoja), akafunga poti (tundu la waya) au akasoma kumbukumbu za matukio, huendeshwa na programu yake yenyewe ambayo mafundi wengi huiita fimwea. Fimwea hugundulika kuwa na matundu ya kiusalama kama programu nyingine yoyote. Aprili 2018 wavamizi walizifikia swichi za Cisco kupitia Smart Install, huduma ya kusanidi swichi mpya kutoka mbali, iliyokuwa imewashwa tangu kiwandani na ikisikiliza poti ya programu (TCP) namba 4786 bila kudai nywila, wakafuta usanidi wake. Serikali ya Iran ilitangaza kuwa vifaa vipatavyo 200,000 viliathirika duniani, 3,500 kati yake vikiwa nchini humo. Mwenye swichi za aina hiyo alihitaji toleo jipya, lakini vilevile alihitaji kuizima huduma asiyoitumia kwa amri ya no vstack, kwa kuwa sasisho peke yake haliufungi mlango ulioachwa wazi kwa makusudi.

Kazi kubwa ya kusasisha hufanyika kabla ya kugusa swichi, na sehemu yake muhimu zaidi ni kuhakikisha kwamba njia ya kurudi ulikotoka iko tayari.

Anza kwa kujua ulicho nacho. Andika aina kamili ya swichi, toleo linaloendesha sasa, nafasi iliyobaki kwenye hifadhi, na kama swichi zimeunganishwa kwa rundo, yaani kadhaa zikifanya kazi kama moja, idadi yake, kwa sababu swichi za rundo moja hutakiwa kuwa na toleo moja. Kisha soma maelezo ya matoleo yote yaliyo kati ya toleo lako na lile unalolitaka, si ya lile la mwisho tu, maana baadhi ya watengenezaji hukulazimu kupita kwanza kwenye toleo la katikati. Katika vifaa vya MikroTik kumbuka pia kwamba RouterBOOT, programu ndogo inayowasha kifaa, husasishwa kwa hatua yake ya pekee baada ya RouterOS, programu yake kuu ya uendeshaji.

Faili la fimwea lipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Najua kwamba ofisi nyingi kwetu hutumia swichi zilizonunuliwa mitumba bila mkataba wa huduma, na kishawishi cha kuomba faili kwenye kundi la Telegram ni kikubwa, lakini faili la namna hiyo halina mdhamini na linakwenda kukaa mahali ambapo mawasiliano yote ya ofisi hupita. Kwa masahihisho ya usalama, Cisco huwaelekeza hata wateja wasio na mkataba wawasiliane na kitengo chake cha msaada wakiwa na namba ya kifaa na kiungo cha tangazo la tatizo husika. Ukishapakua, linganisha alama ya SHA-512 au MD5, yaani msimbo unaokokotolewa kutokana na faili na hubadilika faili likibadilika, na ile iliyochapishwa na mtengenezaji, kisha uilinganishe tena faili likiwa tayari ndani ya swichi, kwa sababu safari ya pili inaweza kuharibu kilichofika salama katika safari ya kwanza. Seva za zamani za TFTP, njia sahili ya kuhamisha mafaili mtandaoni, hukwama faili likizidi takriban MB 32, ilhali mafaili ya swichi za kisasa hufikia mamia ya MB. SCP, njia ya kuhamisha mafaili kwa usimbaji, au flashi ya USB ni salama zaidi.

Nakala rudufu ya usanidi ikae nje ya swichi. Kabla ya kuichukua, linganisha usanidi unaoendesha sasa na ule uliohifadhiwa, kwa maana si ajabu kukuta VLAN au poti iliyoongezwa miezi kadhaa iliyopita haikuhifadhiwa kamwe, na swichi ikizimwa na kuwashwa mabadiliko hayo hupotea, kisha lawama zote huangukia sasisho. Katika swichi za Catalyst za Cisco, orodha ya VLAN inaweza kuwa kwenye faili la pekee liitwalo vlan.dat, ambalo nakala ya usanidi wa kawaida hailichukui. Nakala hii ya kabla ya sasisho itunzwe hata baada ya mambo kwenda vizuri, kwa kuwa toleo la zamani huenda lisielewe mistari iliyoandikwa na toleo jipya.

Swichi nyingi za HP na Aruba huwa na sehemu mbili za fimwea. Toleo jipya liwekwe katika sehemu ya pili, la zamani likibaki salama katika ya kwanza. Katika IOS XE, programu ya uendeshaji ya swichi mpya za Cisco, sasisho lililowashwa bila kuthibitishwa kwa install commit hujirudisha lenyewe baada ya dakika 120, nao ni ulinzi mzuri kwa anayefanya kazi akiwa mbali. Hata hivyo, awepo mtu kwenye kabati la mtandao akiwa na waya wa konsoli (unaounganisha kompyuta na swichi moja kwa moja bila kupitia mtandao), kompyuta ambayo tayari imeutambua waya huo, na nywila ya akaunti iliyo ndani ya swichi yenyewe.

Akaunti hiyo ni muhimu kwa sababu matoleo mapya hubadilisha mambo yaliyozoeleka. Baada ya udhaifu wa RADIUS, itifaki ambayo swichi huitumia kuiuliza seva kama mtu aruhusiwe kuingia, uitwao Blast-RADIUS kutangazwa Julai 2024, watengenezaji walianza kuongeza masharti ya kuwepo kwa sehemu ya uthibitisho iitwayo Message-Authenticator. Seva isiyoituma inaweza kukataliwa na swichi iliyosasishwa, na mafundi wanaoingia kwenye swichi kwa akaunti za RADIUS, au vifaa vinavyotambuliwa kwa anwani ya MAC (namba ya kipekee ya kila kifaa), wakakataliwa asubuhi. Sasisha seva kwanza. Vivyo hivyo, njia za zamani za usimbaji za SSH, itifaki ya kuingia kwenye swichi kutoka mbali, huondolewa, na programu ya ufuatiliaji iliyotegemea njia hizo hunyamaza ghafla.

Umeme ukikatika wakati fimwea inaandikwa, swichi inaweza isiwake tena. UPS ijaribiwe ikiwa na mzigo wote wa kabati, kwa sababu betri iliyochoka huonyesha kuwa imejaa.

Orodhesha vinavyopata umeme kupitia PoE, yaani kupitia waya uleule wa mtandao: simu za mezani, kamera, vituo vya Wi-Fi, kufuli za milango. Kwa kawaida vyote huzimika swichi ikiwashwa upya, na hospitali au ghala lenye ulinzi wa kamera lina haki ya kujua mapema.

Chagua swichi moja isiyo na wateja wengi, isasishe, uiache ifanye kazi kwa siku kadhaa. Kabla ya kila swichi, hifadhi orodha ya poti zilizo hai, majirani wanaoonekana kwa LLDP (itifaki ya vifaa kujitambulisha kwa vile vilivyounganishwa navyo), idadi ya anwani za MAC na matumizi ya PoE, ili baadaye ulinganishe maandishi na maandishi. Andika pia saa ya mwisho ya uamuzi: ikiwa umepewa kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, basi saa saba kamili, kama orodha hizo mbili hazijalingana, toleo la zamani lirudishwe.